Bi Intisar na Kidirisha cha Msaada

Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa kusi. Jua lilichungulia mara mbili tu kabla ya saa nne.

Nyumbani kwake Kisauni, Bi Intisar Idarus aliketi mbele ya kompyuta mpya, pembeni mwake vitambaa thelathini na kimoja vya kwaya ya akina mama wa Frere Town. Kila kimoja kilitakiwa kudariziwa mnazi kwenye pindo, na kwaya ingepanda jukwaani Jumamosi. Darizi alifunzwa na mamake, kofia kwa sindano ya mkono. Siku hizi huchora kwenye kompyuta, na programu ya kulipia kila mwezi huugeuza mchoro kuwa mishono, nayo mashine ya darizi huifuata.

Siku hiyo programu ilikataa kufunguka. Aliipakua mara mbili, akatia nywila, na mara zote mbili ikamjibu kwamba leseni yake inatumika kwenye kompyuta nyingine: aiwashe hiyo kwanza, ajitoe. Kompyuta hiyo nyingine ilikufa maji mwezi wa Julai, bomba la jirani wa juu lilipopasuka, ikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Pengine sasa ilikuwa imeshakuwa sufuria.

Gladys, kiongozi wa kwaya, alifika saa tatu na nusu kuangalia kazi, akakuta hakuna hata mnazi mmoja. Wakatafutatafuta kwenye skrini mpaka wakaona kidirisha cha msaada kinachouliza lugha, na Kiswahili kimo. Bi Intisar alifurahi hata akajitanda mtandio wake upya. Akaandika: "Assalamu alaykum. Habari za asubuhi? Watu wa nyumbani hawajambo?" Kisha akaweka mikono mapajani, akangoja.

Alijibiwa aeleze tatizo lake. Akaona labda hakusikika vizuri, akaandika kwamba yeye ni mzima, alhamdulillahi, na wao je? Akangoja tena. Dakika tatu zikapita kimya, mazungumzo yakafungwa, akarudishwa nyuma ya foleni ya watu arubaini na watatu.

Mara ya pili aliongeza kuuliza kama huko kwao mvua imenyesha. Mara ya tatu aliuliza kama kazi haijawachosha. Kufikia hapo Gladys alikuwa sakafuni katikati ya vitambaa, amejishika mbavu, machozi yanamtoka.

"Bi Intisar, huyo hakuja kukuposa. Mwambie shida yako."

"Nimwambie shida, na hajanambia kama ameamka salama?"

"Hakulala huyo. Ni mashine."

"Hata hii ya darizi ni mashine, shoga yangu, na kila siku naianzia bismillahi."

Gladys akalala chali kabisa. Alipopata pumzi akasema taratibu kwamba Jumamosi watu thelathini na mmoja watasimama mbele ya kwaya za pwani nzima na vitambaa vitupu, na yeye ndiye wa mbele. Bi Intisar akaivuta kibodi karibu.

Mara ya nne, akiwa ameugeuza uso kwa haya, aliandika kwa kidole kimoja: "Kompyuta ya zamani imekufa. Nifungulieni mpya."

Haikutimia dakika moja, leseni ikafunguka. Mchoro ukajaa kwenye skrini, sindano ikaanza kukimbia, na jani la kwanza la mnazi likatokea kijani kibichi. Gladys akapiga vigelegele. Bi Intisar, mwenye miaka hamsini na mitatu na goti bovu, akazunguka chumba kizima akicheza na kitambaa kichwani. Aliporudi kwenye kompyuta kutoa shukrani, mazungumzo yalikuwa yameshafungwa. Kicheko kikamkatika kidogo.

Walidarizi kwa zamu hadi kitambaa cha mwisho, kabla ya isha.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kuvikunja, Bi Intisar alifungua kidirisha, akangoja nyuma ya watu kumi na wanane, akaandika salamu zote kwa ukamilifu. Akaongeza kwamba jana aliingia bila hodi, wamuwie radhi. Akaambiwa aeleze tatizo lake. Akajibu kwamba hana, wallahi ni salamu tu, akaanza kukunja vitambaa huku akicheka peke yake.