Sekela Aingia Ngazi ya Tatu

Sekela alikuwa fundi wa mashine ya kusaga kijijini, nje kidogo ya Uyole. Ilipozima, wanawake walikalia madebe yao ya mahindi wakapiga soga, maana walijua ataiwasha tu. Kwa hiyo mwaka 1977, ilipoitishwa semina ya mafundi mitambo wa vijiji huko Iringa, hakuna aliyeuliza nani aende.

Huko washiriki walikuta mada zimebandikwa ukutani, kila moja na ngazi yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sekela aliona aibu kutoka Mbeya kote kule kuja kuketi na wanaoanza. Akaingia ngazi ya tatu, mada ya pampu inayopeleka dizeli kwenye injini.

Mwalimu, Ndugu Fanueli, alianza katikati kabisa, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana. Wenzake walipoitikia kwa vichwa, Sekela naye akaitikia, huku jasho likimtoka kwenye baridi ile. Mara akaulizwa yeye huanzia wapi kuifungua pampu.

Angeweza kubahatisha. Akasema, "Sijawahi kuifungua, Ndugu Mwalimu. Ikiharibika tunaipeleka mjini."

Watu wakacheka, na yeye akajikuta anacheka nao. Fanueli aliweka chaki chini.

"Dada, ngazi haisemi nani ana akili. Inasema uwe umeshafanya nini kabla ya kuingia. Humu tunaanza na aliyekwisha kuifungua."

Jirani yake Sekela kwenye benchi, mzee Budeba, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake na sasa akiendesha injini ya kijiji, alimnong'oneza kwamba hata yeye alasiri angekuwa ngazi ya kwanza, mada ya umeme, kwani waya hajapata kuugusa.

Sekela akahama. Mchana ule ule, ngazi ya kwanza, aliifungua pampu kwa mikono yake, akaifunga, ikabaki springi moja mezani. Akaifungua tena, safari hii akicheka peke yake. Kesho yake aliingia ngazi ya tatu ya kuchonga mawe ya kusagia, kazi aliyoizoea, akabishana na mafundi wa Mufindi hadi chai ikapoa.

Mwaka uliofuata semina ilikuwa Mbeya. Kabla ya kuketi, Sekela alimwuliza kila mwalimu mada yake inamtaka mtu awe ameshagusa nini. Kwenye pampu akaelekezwa ngazi ya pili. Budeba, aliyekuja kurudia mada hiyo, alikuwa amekwisha kumwekea nafasi kwenye benchi.