Nilimwambia Tata Angoje Hadi Siku ya Mtihani Wangu

Admin, nifichie jina na chuo pia, maana hapa Meru tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, niko mwaka wa mwisho, nasomea usafi wa meno na matibabu ya fizi. Nimelelewa na tata, dada mdogo wa marehemu mama yangu. Anauza ndizi na nduma katika soko la Gakoromone. Kisa changu si cha mapenzi, kwa hivyo mliokuja kutafuta udaku mnisamehe.

Kazi yetu haifundishwi ubaoni. Unaanza kwa kukwangua meno ya plastiki, ndiyo scaling, halafu mnakwanguana wenyewe kwa wenyewe, na kuna mwenzangu hadi leo ananikumbusha nilivyomdunga fizi. Lakini kwa mtihani wa mwisho lazima ulete mgonjwa wako, tena mwenye ukoga mgumu, ule ulioganda hadi chini ya fizi. Watu wa aina hiyo hawapatikani ovyo, na ukimpata unamficha wenzako wasikunyakulie. Nimewahi kumwona mwanafunzi akimpeleka mgonjwa wake kunywa chai mbali ili tu asionekane.

Sasa mwezi wa kwanza nikiwa nyumbani, tata aliniambia kwamba akipiga mswaki anatema damu, na fizi za chini zinamuuma. Nikamwambia afungue mdomo, nikamulika kwa simu. Jamani, nitasema ukweli kwa sababu hamnijui. Nilifurahi. Mtu aliyenifulia nguo nikiwa mtoto anaumwa, na mimi nafurahi kwa sababu nimepata mgonjwa wa mtihani.

Akaniuliza, "Niende pale hospitali wanioshe?" Nikamjibu, "Hapana tata, usiguswe na mtu. Ngoja mwezi wa tano nitakuosha mwenyewe." Akacheka, akasema basi atangoja daktari wake. Nilimweka vile mtu anavyoweka mbuzi wa Krismasi. Nilijua vizuri kabisa kwamba fizi zile hazikufaa kungoja hata wiki mbili. Nilikuwa nimeshajibu swali kama hilo kwenye mtihani wa kuandika nikapata alama zote.

Mwezi wa tatu akanipigia simu, jino moja linacheza. Nikamwambia asukutue na maji ya chumvi. Mwezi wa nne akasema ni mawili sasa, na nduma anaiponda kwa kijiko kwanza. Nikamwambia tumekaribia. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza.

Siku ya mtihani alikuja amevaa nguo ya kanisani. Tukiwa nje nilimnong'oneza kwamba akiulizwa, aseme damu ilianza juzijuzi. Aliniangalia kidogo, akaitikia kwa kichwa. Tata ni kiongozi wa akina mama kanisani, mtu ambaye hata mteja akimwachia chenji kwa makosa anamkimbilia.

Nilifanya kazi safi, sitajishusha kwa hilo. Mwalimu alipokuja kukagua aligusa yale meno mawili ya mbele chini, yakayumba. Akamuuliza, "Mama, hii damu ilianza lini?"

Tata akasema, "Ni juzi tu, daktari."

Mwalimu akatikisa kichwa, akaniambia, "Patient amechelewa sana. Angekuja hata miezi mitatu iliyopita, haya mawili tungeyaokoa. Lakini wewe, scaling yako ni very good." Mtihani nikaupita. Meno yakang'olewa wiki iliyofuata, na mimi ndiye niliyemshika mkono.

Njiani kurudi aliniuliza swali moja tu. "Kama ningekuja ile Januari, yangebaki?" Alikuwa ameshika pamba mdomoni. Nikamwambia, "Hapana tata, yalikuwa ya kung'oka tu." Akasema, "Basi ni sawa, Mungu anajua." Siku hizi akicheka sokoni anajifunika mdomo kwa leso. Mimi nikimwona hivyo naangalia pembeni.

Ningenyamaza na siri hii hadi kaburini, nawaambia ukweli. Lakini Jumapili iliyopita tata alinipigia simu akiwa na furaha sana. Kuna mama kanisani, mjane, fizi zake zimevimba na zinatoa damu. Tata akasema, "Alikuwa anataka kuenda hospitali nikamkataza. Nimemwambia akungoje umalize shule, kama vile mimi nilikungoja."

Nilichukua namba ya yule mama nikampigia saa hiyohiyo. Nikamwambia asingoje mtu yeyote, kesho asubuhi aende hospitali. Akaniuliza, kwa upole tu, "Na mbona tata yako ulimwambia angoje?"

Nilikata simu. Najua hao wawili wanakaa benchi moja kanisani, na Jumapili inakuja. Nikimwambia tata mwenyewe, atajua kwamba nilimfanya adanganye kumlinda mtu yuleyule aliyemharibia meno, yaani mimi. Mwalimu akijua, huenda cheti nisikione. Nikinyamaza, atayasikia kwa mtu mwingine, halafu atanitetea tena, na hilo sitaliweza. Wenye mama zenu na tata zenu, niambieni nianzie wapi. Matusi pia nitasoma, yote.