Adapter yangu ya WiFi iligoma kila asubuhi isipokuwa Jumapili

Wakuu, salamu kutoka Section 58, Nakuru. Hii ilinitokea mimi mwenyewe, na nyumbani bado nachekwa, kwa hivyo nanyi jisikieni huru.

Nina kacyber hapa karibu na stage ya matatu. Kuprint, kuscan, kujazia watu fomu. Desktop yangu ni ya zamani, haina WiFi yake, kwa hivyo natumia ile adapter ndogo ya USB.

Sasa shida. Nikiwasha mashine asubuhi, adapter haionekani kabisa. Windows inakaa kama haijawahi kusikia habari yake. Nachomoa, narudisha, narestart, naomba. Saa zingine inakubali, saa zingine inaninyamazia.

Nikainstall driver upya. Nikaformat. Nikaingia BIOS nikagusa vitu nisivyovielewa.

Nikanunua adapter nyingine, nayo ikashika tabia ya mwenzake. Hapo nilikasirika sana.

Ningevumilia tu, lakini mke wangu Chebet ni nesi, contract yake ilikuwa imeisha, na hospitali moja ikamwita interview ya video. Laptop hatuna, simu yangu ni ya batani, na simu yake kamera ilishakufa. Tegemeo lilikuwa ile desktop na webcam yake.

Siku yenyewe akaja mapema na blauzi ya kanisani. Nikawasha. Adapter hakuna.

Nikaanza kutukana driver. Chebet akavuta stuli, akaanza kuniuliza vile huwa anauliza wagonjwa.

"Hii kitu ilianza lini?"

"Tangu nihamie hapa kwa stage."

"Na kuna siku huwa inapata nafuu?"

Nikafikiria. "Sunday. Nikifungua baada ya church haisumbui."

"Na Sunday ni nini huwa haiko hapa?"

Nikaangalia kando ya mashine, nikaona aibu.

Mnajua desturi yetu. Ukiwa na duka lenye stima, mtaa wote unakuletea simu uchaji. Wa mboga, wa boda, fundi wa viatu, wote wananiachia simu asubuhi kabla sijawasha mashine. Soketi zikijaa, zingine nazichomeka kwa USB hub, kale kakigawanyio ka port. Hub ileile yenye adapter, na haina umeme wake, inategemea wa mashine.

Mashine ikiwaka, simu zimeshanyonya nguvu yote, adapter inalala njaa. Jumapili wenye simu huenda nazo kanisani, hawaniletei.

Nikachomoa simu zote. Adapter nikaipeleka port ya nyuma, moja kwa moja kwa mashine. Nikarestart.

Taa ikawaka. Wakuu, nilipiga meza mpaka printer ikaruka. Chebet hata hakunitazama, alikuwa anavaa earphone.

Mama Shiro wa mboga akachungulia dirishani. "Boss, simu yangu imejaa?"

"Mathe, ngoja kidogo. Chebet anaongea na hospitali, ni ya kazi."

Akatoka dirishani akaenda kunyamazisha stage nzima. Watu wa boda walisukuma pikipiki mbali kabla ya kuziwasha, mpaka interview ikaisha.

Na kazi akapata. Nimefurahi mpaka leo.

Funzo langu: kabla hujalaumu driver, angalia nani mwingine anakula kwa port hiyo. Simu za mtaa bado nachaji, lakini kwa soketi ya ukuta.

Na wewe, mashine yako inagoma lini, na inapata nafuu lini? Andika hapo chini. Nitamuuliza nesi akitoka shift.