Kizuizi Kilichoondolewa

Fundi wa kompyuta wa zahanati aliunda hifadhidata ndogo, faili moja iliyotumiwa na programu mbili: ya daktari na ya mfamasia. Moja ikiandika, nyingine ilizuiwa isubiri, zisifutiane maandishi.

"Fundi, tutazeeka hapa! Toa hicho kizuizi chako," mfamasia alimsimanga kila siku. Fundi akakitoa ili apumue.

Kesho yake kazi ikaenda chapuchapu. Mama yake fundi, aliyekuja kutibiwa kifua, alimweleza daktari kwamba penisilini humvimbisha koo, naye akaandika onyo kwenye faili. Lakini mfamasia alihifadhi maandishi yake sekunde ileile, na onyo likafutika. Bila kuliona, akatoa sindano ya penisilini kama kawaida kwa wagonjwa wa kifua. Fundi alipoona nafasi ya onyo la mama yake ni tupu kwenye skrini, alitimua mbio hadi chumba cha sindano.

"Choma taratibu, mwanangu, mimi mwoga," mama alikuwa akimtania muuguzi.

"Tayari, mama. Umeona ulivyoogopa bure?"