Ratili Mbili za Gunia

Mimi nilikuwa mtu wa mizani. Kazi yangu ilikuwa kupima pareto kwenye stoo moja hapa Nakuru, miaka ya sitini ikielekea kuisha. Shule niliachia darasa la tatu, ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji mwingine, lakini nambari hazikunitoka. Mkulima anatua gunia, nasoma mshale, natoa ratili mbili za gunia lenyewe, naita hesabu, karani anaandika. Hivyo kutwa nzima.

Jumapili moja waliazima ile mizani, na mimi pamoja nayo, kwa mashindano ya gokati kwenye uwanja wa maonyesho. Gokati ni kigari cha chini, hakina bodi wala springi, dereva karibu aburute matako kwenye lami. Nilidhani ni mchezo wa watoto mpaka nikasikia masharti yake. Injini zote za aina moja, zimefungwa waya wenye sili, yaani muhuri, ili mtu asizichokore. Gari pamoja na dereva wake lisipungue ratili mia tatu. Kila kilichofungwa kwenye gari ni gari. Ukimaliza unakuja moja kwa moja kwenye mizani, hata maji hunywi, na ukishashushwa hupimwi tena.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea, kijana mwembamba, aliyefanya kazi kwa Kalasinga mwenye gereji. Fremu aliiunda mwenyewe kwa mabomba ya maji. Injini ilikuwa ya Kalasinga. Huyo mzee hakuwa mbaya, mimi aliwahi kunichomelea baiskeli bure, lakini neno lake lilikuwa moja. Alisema mbele yetu sote: "Fundi, leo ukishinda, injini inakaa kwako. Ukishindwa, kesho nafungua napatia mtoto ya dada yangu."

Kiti cha fundi kilikuwa chuma kitupu, kinamchubua. Nikampa gunia kuukuu la stoo. Akalikunja, akalifunga kwenye kiti kwa waya.

Basi akashinda. Siku hiyo upepo wa ziwani ulikuwa unaleta lile vumbi jeupe la magadi, wenzake wakipepesa macho na kuvamia matairi ya kando, yeye akapita katikati. Akafika kwenye mizani mweupe kama mtu wa kinu cha unga.

"Bwana mizani, soma vizuri! Nimekula ugali ya watu wawili!"

Watu wakacheka. Tukamwinua na gari lake, mshale ukatulia, na upande ule wa kuusoma nilisimama mimi peke yangu. Nikaita: "Mia mbili tisini na tisa!"

Mzungu aliyesimamia masharti akaandika, akatikisa kichwa.

"Pima tena," fundi akaniambia, tayari ameshashushwa.

"Masharti, bwana," nikamjibu, na nilijibu kwa kujivuna, sitaficha. Kalasinga aligeuka akaenda zake.

Jumatatu akaja mama mmoja wa Kabazi na pareto yake. Kila mara alikuwa ananichokoza: "Na gunia umetoa, ama leo unaniibia?"

"Mama, mkono wangu unatoa wenyewe."

Nikaacha kupima. Ule mshale wa jana nikauona mbele ya macho: mia tatu na moja. Niliona gunia chini ya fundi, nikatoa mbili.

"Wewe, umeona nyoka?" mama akaniuliza.

Ningeweza kwenda kwa fundi siku ile ile. Nilijiambia stoo haina mtu wa kuachiwa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu wa mizani akikiri kosa moja, wakulima watamuuliza na ya mwaka jana. Nilienda Alhamisi. Injini ilikuwa imeshatolewa, na fundi alikuwa anachomelea geti la mtu.

Akavua miwani. "Bwana mizani! Usiwe na uso huo, kosa si lako. Ugali nilimaliza, chai ndiyo niliacha, niliogopa tumbo. Kikombe kimoja tu, bwana! Kikombe kimoja!"

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni "Pole."

Akaingia ndani, akarudi na lile gunia, amelikung'uta na kulikunja vizuri. "Chukua. Ni la stoo hili, usije ukaulizwa."

Nikaenda nalo. Kesho yake likajazwa pareto ya mtu, nikalipandisha kwenye mizani, nikatoa mbili.