Magunia Sita Juu ya Chukudu

Sijui kutulia. Hata leo, nikisahihisha hesabu za wanafunzi wangu hapa Mabanga, mguu unacheza chini ya meza. Lakini siku ile ulikuwa na sababu.

Baba alikuwa akishusha viazi mjini kwa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali. Ubao wake ulikuwa umepasuka, na fundi wa Ndosho, baada ya kuukaza kwa misumari, alimwonya: kitakachokaa juu yake kisizidi kilo mia tatu, la sivyo utavunjika mteremkoni. Baba akaniuliza mimi, kwa kuwa darasani tulikuwa tumeanza hesabu za namna hiyo. Nikajidai. Nikaandika kwa chaki mlangoni: gunia moja kilo hamsini, idadi ya magunia ni x, basi 50x ≤ 300. Nikagawanya kwa hamsini: x ≤ 6. Sita, nikamwambia, na asubuhi akaenda kupakia sita.

Nilikuwa darasani nilipoona dirishani chukudu ya mtu mwingine ikiteremka. Mwenyewe alikuwa amepiga goti juu ya mzigo. Mguu ukaanza kucheza chini ya dawati. Kwenye mlima wanasukuma, kwenye mteremko wanapanda! Mimi nilikuwa nimehesabu viazi tu. Sikuomba ruhusa, nilitoka mbio.

Nilimkuta baba kwenye depo ya viazi, juu kabisa ya mteremko, akifunga kamba ya mwisho.

"Papa, ngoja! Sikukutia mu hesabu!"

"Ulisemaka sita."

"Panda ku mizani, papa. Tafazali."

Akapanda kwenye mizani ya viazi, wapakiaji wakimtania kwamba naye anauzwa. Kilo sitini. Miaka yote ile sikuwahi kujua uzito wa baba yangu. Nikachora kwa kidole kwenye mchanga mweusi: 50x + 60 ≤ 300. Nikatoa sitini kila upande, ikabaki 50x ≤ 240. Nikagawanya: x ≤ 4,8.

"Basi tano," akasema. "Ni karibu."

"Ine, papa! Ile ya tano itakuua!"

Nikaanza kulia, kwa hofu na kwa hasira. Wapakiaji wakaacha kucheka. Baba akafungua kamba na kushusha magunia mawili, yakabaki manne.

Jioni alirudi mzima. Alisimama mbele ya mlango, akaitazama ile hesabu yangu ya jana, kisha akanipa chaki.

"Nitie pale," akasema.