Uzio wa Bibi Yozefina

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo hainiingii akilini yote. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, hapa hapa Ngara. Nilikuwa kijana niliyetoka shule juzi, nikapata kibarua cha kupima viwanja kambini. Kazi yangu kamba na vigingi: vibanda vyote mstari mmoja, milango yote itazame barabara. Jioni napanda kilimani kuitazama kazi yangu. Ee, ilivyonyooka! Nilijiona fundi wa mafundi.

Basi bibi mmoja kutoka Burundi, Yozefina, akasimamisha uzio wa nyasi mbele ya mlango wake, umepinda, unakata kamba yangu.

"Shikamoo bibi. Uzio huu hauruhusiwi."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na mikono ikaendelea kufunga.

Nikaung'oa. Mbele yake, kwa mikono hii unayoiona. Kijana akipewa kamba huona amepewa nchi.

Siku ya tatu akaja binti yake, macho mekundu. Mama hali chakula. Wamempeleka zahanati, ugonjwa hauonekani. Maharage yapo, ugali upo, bibi kajilaza kaelekea ukutani. "Anasema hawezi kula uwanjani." Uwanja gani, nikajiuliza, na mtu yumo ndani? Nikadhani amenuna tu.

Nikaenda kumsimulia mama yangu nyumbani, nikicheka. Mama akaacha kuchambua maharage. "Wewe, umewahi kuniona nikitafuna mbele ya wapita njia?"

Sikuwahi. Kwetu sisi Wahangaza, kama kwao Warundi, mtu mzima wa zamani hali mbele ya macho ya watu. Na ule mlango nilioupanga mimi, ukiwa wazi, barabara nzima inaona sufuria. Ukifungwa ni giza na moshi. Nikageuka nikautazama uzio wetu wenyewe, uliopinda pale pa kuingilia. Nimepita hapo tangu natambaa, na sikujua ni wa nini. Nilichanganyikiwa, nakwambia, na aibu ikanishika.

Asubuhi nikakata nyasi mwenyewe, nikaufunga upya uzio, kamba yangu nikaihamisha. Bibi akatoka akijikongoja, akakaza fundo moja. "Unafunga kama mtu anayekimbizwa," akasema, akarudi ndani. Baada ya muda binti yake akachungulia. "Kala, kaomba aongezwe," akaniambia. Nikakaa chini palepale nikalia.

Nyasi tu, mwanangu! Zimerudishaje hamu ya kula ambayo dawa haikuirudisha? Nimeuliza mapadri, nimeuliza mafundi, kila mmoja ana lake. Mimi sijui.

Ninalolijua ni hili, nawe unayekwenda kusomea kuchora nyumba ulichukue. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi niliitazama kutoka kilimani. Kabla hujavuta kamba, ingia, keti, umuulize mwenye nyumba anakula wapi na nani anamwona. Mungu aibariki mikono yako, na kila utakayemjengea aketi kwake, ale, aombe aongezwe.